MJADALA: Anayeficha jina lake mtandaoni ni mwongo?

Mgosi wa Kaya:
Salaam wakuu. Kuna watu wanataka kila akaunti iwe na jina la kwenye NIDA (kitambulisho cha taifa) na sura ya mwenyewe, eti huo ndio uhalisi. Napinga. Jina la NIDA linaonyesha wewe ni nani kwenye makaratasi, basi. Kuna wanaoposti kwa majina yote matatu huku gari ni la kuazima na hoteli hawajalala hata siku moja. Halafu yupo mwenye picha ya jogoo na jina la kuchekesha, anaeleza bila kuficha anavyoishi na VVU. Mlazimisheni aweke sura, kesho hamumsikii tena.

Korea Kusini walijaribu hilo kuanzia 2007, tovuti kubwa zikatakiwa kuhakiki vitambulisho. Mwaka 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 wa Nate na Cyworld, tovuti kubwa za huko. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria yenyewe.

Mama Wawili:
La VVU sibishani nalo. Ila wewe unamtetea mwenye siri, mimi namzungumzia mwenye matusi. Binti wa mtu anasambaziwa picha za utupu na akaunti isiyojulikana ni ya nani, polisi waanzie wapi? Majina yakiwa wazi, wengi watapima maneno.

Fundi Pasi:
Hapa Tanzania laini za simu tulisajili kwa alama za vidole, mwisho Januari 20, 2020. Zile meseji za matapeli za "ile hela tuma kwenye namba hii" zimeisha? 😂

Mama Wawili:
Hazijaisha. Lakini bila usajili usingekuwa hata na pa kuanzia.

Mgosi wa Kaya:
Pa kuanzia sawa, ila funguo za taarifa hizo anashika nani? Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alipandishwa kizimbani mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa kutowapa polisi taarifa za wanachama wake, walioandika tuhuma dhidi ya makampuni. (Na yeye, angalia, hutumia jina lake.) Hao wanachama wangeyaandika yale kwa majina yao? Mimi nisingethubutu. Aliyedhalilishwa afungue kesi, mahakama iamuru jina la mhusika litolewe. Tusivuliwe sote kwa kosa la mmoja.

Mama Wawili:
Amri hiyo itachukua miezi mingapi, Mgosi? Picha inafika kila grupu la mtaa kabla ya adhuhuri.