Kidonda cha mguu wa farasi: nyama nyekundu inapanda juu ya ngozi, nifunge au niache wazi?

Mlishaji
Wakuu, naomba msaada. Farasi jike, kilo 450 hivi, alijikata kwa seng'enge mguu wa nyuma kushoto, mbele ya muundi, katikati ya kisigino (kile kiungo kikubwa kinachopinda katikati ya mguu wa nyuma) na kifundo cha juu ya kwato. Daktari wa mifugo alisafisha, akashona, akachoma sindano ya pepopunda, na akahakikisha kiungo hakijaguswa. Nyuzi ziliachia wiki ya pili. Sasa tuko wiki ya nne: kidonda kina upana wa sentimita 4, hakinuki, hachechemei, ila nyama nyekundu yenye vinundu inapanda juu ya usawa wa ngozi. Maswali yangu: niendelee kufunga bandeji au niache wazi? Nasafishaje? Na chakula je, maana anashinda bandani?

Bi Hatamu
Nyuzi kuachia eneo hilo ni kawaida, usijilaumu. Chini ya kisigino hakuna misuli, damu ni kidogo na ngozi imekaza juu ya mfupa, kwa hiyo kila hatua inavuta mshono. Wiki mbili za mwanzo kidonda cha hapo hata hupanuka kabla ya kuanza kujikunja.

Nyama nyekundu yenyewe si adui. Bila hiyo ngozi mpya haina pa kutambaa. Tatizo ni ikizidi kimo, kwa sababu ngozi mpya haipandi mlima, inasimama ukingoni. Angalia pembezoni: ukiona utepe mwembamba wa waridi unaoingia kuelekea katikati, ngozi inafanya kazi. Ukingo ukiwa umejikunja chini ya nyama, umekwama, na dawa yake ni daktari kuikata.

Kukata hakumuumi, nyama hiyo haina neva, ila inavuja damu vibaya sana. Ndiyo maana hukatwa kutoka chini kwenda juu, damu isifiche unapokata, mpaka usawa wa ngozi au milimita 2 chini yake, bila kugusa ule utepe wa waridi. Kisha bandeji ya kubana kiasi mpaka kesho yake. Usijaribu mwenyewe kwa wembe.

Kusafisha: maji yaliyochemka yakapoa, gramu 9 za chumvi kwa lita moja (kijiko cha chai kimoja na nusu, cha kusawazisha). Mimina kwa bomba kubwa la sindano, usisugue. Povidoni ayodini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 10 ukihitaji, mililita 10 kwa lita, rangi ya chai nyepesi. Ikikolea zaidi ya hapo inaua chembe zile zile unazotaka ziote. Kidonda kilichokwisha kuwa chekundu na safi, chumvi inatosha. Spiriti na haidrojeni peroksaidi weka mbali kabisa.

Bandeji, kwa mpangilio:
1. Kitambaa kisichonata, juu ya kidonda tu.
2. Shashi ya kukishikilia, bila kuvuta.
3. Pamba ya roli, tabaka 2 au 3, kuanzia chini ya kisigino mpaka chini ya kifundo. Hapa ndipo watu wanabania pamba. Pamba ikiwa nyembamba, mkazo unaangukia kano za nyuma na unaziumiza.
4. Bandeji inayojishika yenyewe, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, mvuto nusu ya uwezo wake. Mguu wa kushoto zungusha kutoka mbele kwenda nje, kisha nyuma. Acha pamba ichomoze sentimita 2 juu na chini.

Kidole kimoja kiingie kwa shida kidogo ukingo wa juu. Badilisha kila baada ya siku 2 au 3, au siku hiyo hiyo ikilowa, ikiteleza au ikinuka.

Kwato Nne
Nakubaliana na Bi Hatamu isipokuwa hapo kwenye kuendelea kufunga. Joto na unyevu wa ndani ya bandeji ndivyo vinavyochochea nyama kuota kwa farasi, tofauti na wanyama wengine. Nyama ikishakatwa na kuwa sawa na ngozi, na kama banda ni kavu na nzi hawapo, mimi ningeacha wazi mapema.

Bi Hatamu
Kwato Nne, kwa kidonda cha sentimita 1 sawa. Hiki cha 4, tena kwenye muundi ambao unagonga kila mahali, ukikiacha wazi ngozi mpya inapasuka na nyama inaota upya kwa kuchokozwa. Ngozi hutambaa takriban milimita 0.1 kwa siku kila upande sehemu za chini za mguu, kwa hiyo sentimita 2 tu zikibaki ni zaidi ya miezi 3. Wakati huo wote lazima kitu kiizuie isichubuke. Nyama ikianza kuinuka tena, daktari anaweza kuruhusu krimu ya steroidi, safu nyembamba, mara moja au mbili. Kwenye usaha haipakwi kamwe.

Mlishaji
Asanteni. Kuna mtu amenishauri mrututu (salfeti ya shaba, ile ya buluu). Anasema unaila hiyo nyama.

Shashi
Unaila kweli, pamoja na ngozi mpya, maana hauchagui. Unabaki na kovu gumu na kidonda kile kile. Achana nao.

Na kabla ya kuilaumu nyama, jiulize kwa nini haitulii. Mambo mawili hufichika. La kwanza ni kipande cha mfupa kilichokufa. Muundi hauna nyama ya kuulinda, ukikwaruzwa tabaka la nje linaweza kufa na kujitenga. Dalili ni kitundu kidogo kinachotoa usaha bila kukoma, kinafunga kinafunguka. Eksirei ya siku za kwanza haionyeshi, ya wiki ya tatu na kuendelea ndiyo inaonyesha. La pili ni viluwiluwi vya minyoo wanaoachwa na nzi: nyama inakuwa na punje za manjano kama mchele na inawasha. Hao wanahitaji dawa ya minyoo, ivermectini, kwa kipimo cha uzito wa farasi, si kisu.

Kwato Nne
Chakula: punguza nafaka siku ile ile anapofungiwa, mrudishie taratibu kwa wiki nzima atakapoanza kazi. Nyasi kavu kilo 7 hadi 9 kwa siku kwa uzito huo, kidogo kidogo mara nyingi. Maji muda wote, na hesabu mafungu ya kinyesi: 8 hadi 12 kwa siku. Yakipungua na kukauka, tumbo linaanza kuziba.

Mguu wa pili wa nyuma nao ufungwe kama anauegemea sana. Gusa kwato zake kila asubuhi, zikiwa na moto na mshipa wa juu yake unadunda kwa nguvu, mpigie daktari. Kuchechemea kwa ghafla au majimaji ya manjano yanayonata, usingoje asubuhi.

Mlishaji
La mwisho: ameanza kutafuna bandeji.

Shashi
Sabuni ya mche ikipakwa nje ya bandeji humkatisha tamaa. Lakini fungua kwanza uangalie. Farasi aliyeivumilia wiki nzima kisha akaanza kuing'ata, mara nyingi imembana mahali au kuna usaha ndani.