Wanaopiga soga sinagogini wakati wa sala: watolewe nje au waachwe?

Mleta mada:
Wakuu, kuna jambo Wayahudi wamelumbana juu yake karne na karne, na bado halijaisha: soga ndani ya sinagogi. Mtu anafika asubuhi ya Sabato, anajitanda shali ya sala, anakaa na jirani yake, na kabla Torati haijatolewa sandukuni wameshamaliza siasa na bei za nyumba.

Sheria haina mzaha. Shulchan Aruch, kitabu cha sheria cha karne ya 16, kinasema anayezungumza wakati kiongozi anarudia Amida, ile sala kuu inayosaliwa kwa kusimama, amebeba kosa lisilobebeka. Na baada ya mauaji ya Wayahudi wa Ukraine ya 1648 na 1649, Rabi Yom-Tov Lipmann Heller alitunga dua ya kuwaombea baraka wanaofunga midomo sala ikiendelea. Yapo masinagogi yanayoisoma mpaka leo.

Mimi nasema atolewe nje. Mnasemaje?

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, umesahau jina la jengo lenyewe. Kwa Kiebrania ni *beit knesset*, nyumba ya kukutania. Kuna mzee mjane, wiki nzima hajaongea na mtu. Mtoe kwa maneno mawili, Sabato ijayo hamumwoni. Halafu mkibaki tisa, mtasali Amida hiyo ya kurudiwa na nani? Wanatakiwa kumi.

Mchangiaji wa 2:
Afadhali umetaja hao kumi. Amida husaliwa kwanza kimyakimya, kila mtu kivyake. Kiongozi huirudia kwa sauti kwa ajili ya asiyejua kuisali. Lazima tisa wawe wanamsikiliza na kuitikia Amina, la sivyo baraka zake zinakaribia kuwa za bure. Kwa hiyo mkiwa kumi tu na mzee wako anapiga soga, amemharibia yule asiyejua kusoma. Huyo naye hana anayemwonea huruma?

Mchangiaji wa 3:
Mnachanganya kunyamaza na kunuia. Yule Hana wa kwenye Biblia, mama yake nabii Samweli, alisali hekaluni Shilo midomo ikicheza bila sauti, kuhani Eli akadhani amelewa. Baadaye marabi wakamfanya mwanamke huyohuyo kuwa kigezo cha namna ya kusali. Na Rabi Eliezer kwenye Mishna, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, anasema anayeifanya sala yake kuwa mazoea, hiyo si dua. Sasa yule aliyetulia kama jiwe huku anahesabu dakika, naye mtamtoa?

Mchangiaji wa 4:
Kwetu Waislamu, Ijumaa imamu akihutubu, hata ukimwambia mwenzio "nyamaza" umeshafanya upuuzi. Nauliza tu: hao wanaofoka "shhh!" sinagogini, kelele zao nani anazihesabu?

Mleta mada:
Hoja ya Hana imenibana, nakiri. Lakini moyo wa mtu siuoni, kelele zake nazisikia. Mishna inasimulia wachamungu wa kale waliokaa saa nzima kuuandaa moyo kabla ya kusali. Mtu akiwa katika sala, hata mfalme akimsalimu asiitikie, hata nyoka akimzunguka kisigino asikatize. Leo anakatiza kwa matokeo ya mpira!

La kutoa nje nalirudisha. Sala ikiisha kuna kidushi, yaani baraka ya divai pamoja na vitafunio. Mzee aongee hapo mpaka achoke.

Mchangiaji wa 1:
Sala ya Sabato asubuhi huchukua muda wa saa mbili, hata tatu, mkuu. Huyo mzee ana miaka 80. Mwacheni walau aulize hali ya jirani yake.