Dogo daktari wa Mwanza anataka kusomea mgongo Marekani, msaada tafadhali

Msukuma wa Ohio:
Mwangaluka wadau, shikamooni wakubwa. Mdogo wangu kamaliza intern Mwanza, kichwa chote kipo kwenye mgongo na viungo, kupasua hataki, anataka zile za sindano na mazoezi. Sasa kaona mtandaoni feloshipu ya mwaka mmoja huku, yaani mafunzo ya ubobezi, kaniambia kaka mwaka mmoja si kitu, nalala sebuleni kwako nikimaliza narudi. Ameshaniuliza bei ya tiketi. Mi dereva wa malori haya mambo siyajui, nisaidieni kabla sijachangisha ukoo.

Dada wa Minneapolis:
Marahaba mdogo wangu, usichangishe kwanza. Huo mwaka mmoja ni ghorofa ya mwisho yeye hata msingi hajachimba. Feloshipu wanaingia waliomaliza residensi ya huku, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, wengi wanatokea tiba ya viungo na urekebishaji ambayo ni miaka 4 ukihesabu na mwaka wa intern, na intern ya Mwanza haimpunguzii kitu. Kabla ya hapo kuna USMLE, mitihani ya leseni ya udaktari ya huku, Step 1 na Step 2 CK, cheti cha ECFMG cha madaktari waliosoma nje, maombi, usaili, afu unasubiri Match mwezi wa 3, ule mfumo unaopanga nani kapata residensi wapi. Step 1 tangu 2022 ni kufaulu au kufeli, alama hamna, watu wakashangilia kumbe macho yote yamehamia Step 2.

Afu viza, hapa ndo wengi wanaliaga, maana inategemea mafunzo yana ithibati gani. Feloshipu ya tiba ya michezo na ya maumivu zina ithibati ya ACGME, chombo kinachokagua mafunzo ya madaktari huku, lakini hizi zenye jina la mgongo na misuli nyingi ziko nje ya hiyo ithibati, nyingine zinatambuliwa na NASS tu, chama cha wataalamu wa mgongo, kwa hiyo aandike barua pepe aulize kama wanachukua mtu wa J-1, viza ya mafunzo, kabla hajapenda picha za tovuti. J-1 yenyewe ukimaliza unarudi nyumbani miaka 2, au utafute msamaha kama Conrad 30, unafanya kazi miaka 3 sehemu yenye uhaba wa madaktari. Wa H-1B, viza ya kazi, lazima awe na Step 3, mtihani wa mwisho wa USMLE, mkononi.

Mrudi Nyumbani, Nyegezi:
Dada kasema yote ya makaratasi, mi naongezea ya huku. Nilisoma nje nikarudi, na wagonjwa wangu wengi ni wabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, bodaboda, na akina mama wanaoinama shambani toka alfajiri. Anakuja mtu na picha ya MRI kailipia kwa kuuza ng'ombe, imeandikwa diski imevimba, kashika ile karatasi kama hukumu, wakati diski za hivyo zimejaa kwa watu ambao hata hawaumwi. Ukimlaza ukamgonga magoti, ukapima nguvu ya kidole gumba cha mguu na wapi pana ganzi, unajua kama ni mshipa wa fahamu umebanwa au ni nyonga tu, na wengi wanahitaji mazoezi na muda. Afu kuna yule mgongo unauma miezi, anakonda, jasho la usiku, huyo usimwambie mazoezi, fikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Na akikwambia ganzi imeshika sehemu anazokalia na mkojo hautoki, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Sindano za mgongo ni tamu kujifunza sikatai, ila zinapigwa ukiangalia eksirei ya moja kwa moja, na nilikofanyia kazi mwanzo mashine ilikaa miezi inasubiri kipuri, mi na ujuzi wangu tukawa tunaangaliana. Dogo ajue hilo. Akibadili mawazo akakubali kisu, mafunzo ya mifupa yapo Muhimbili na njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ipo, haendi mbali.

Msukuma wa Ohio:
Wabeja sana wakubwa zangu. Nimemsomea yote kwa simu, kakaa kimya mpaka nikadhani vocha imeisha, afu akauliza Step 1 analipia wapi. Tiketi hajaitaja tena. Kaka wa Nyegezi, anaomba aje kliniki kwako Jumamosi akae pembeni aone unavyopima, aje saa ngapi?