Mtae, Mambo au Rangwi: wapi pa kumpeleka mzee siku mbili?

Kijukuu: Wakuu, mwezi wa nane napanda Usambara Magharibi na baba. Kavuka sabini, magoti yanamsumbua. Lushoto mjini tunapajua, safari hii tunataka vijiji vya juu. Nipeni mwanga.

Mpandamlima: Mtae, bila kufikiri mara mbili. Kijiji kimekaa kwenye mgongo mwembamba wa mlima, na tambarare ya Mkomazi iko huko chini karibu mita elfu. Anga ikitakata mnaiona Milima ya Taita upande wa Kenya, na mkibahatika, Kilimanjaro yenyewe. Baba atakaa kwenye kiti tu, dunia yote iko mbele yake.

Mama Karoti: Na upepo je? Mwezi wa nane huko juu baridi bado ipo, ukungu unaweza kuwafungia asubuhi nzima. Halafu basi la kushuka kutoka Mtae linaondoka alfajiri, giza bado. Utamtoa mzee kitandani saa kumi usiku? Mimi nasema Rangwi. Iko bondeni, masista wanapokea wageni, chakula cha uhakika.

Mpandamlima: Rangwi kuzuri, ila ukingo hakuna. Atakuwa kapanda mlima wote huo aone viazi na kabeji?

Mama Karoti: Viazi na kabeji ndiyo Usambara yenyewe, mkuu 😄

Shekulwavu: Mimi mtu wa huko. Mambo na Mtae ni majirani, wote wanachungulia tambarare ileile ya Mkomazi. Mtae ina maduka na basi, Mambo kumetulia zaidi. Kwa magoti ya mzee, tafuteni gari la kukodi kutoka Lushoto, ubishi wa basi unaisha hapohapo. Na ukiuliza usafiri sema vizuri: Mombo ni kule chini barabara kuu, Mambo ni juu. Wageni wanachanganya kila siku.

Mzee wa Historia: Mbona Mlalo hamuitaji? Ni mji mdogo, soko lipo, na misheni ya Kijerumani ilianzishwa pale 1891, wenyewe wakiita Hohenfriedeberg. Mnaweza kusimama pale njiani.

Kijukuu: Nimewapata. Gari la kukodi, usiku wa kwanza Rangwi, wa pili Mambo. Mlalo tukipata muda.

Shekulwavu: Sawa. Beba sweta mbili za mzee, na mwambie dereva mapema kwamba mnafika hadi Mambo, wengine wakishaona ile barabara wanaongeza bei.