Yule jamaa wa boti za tanga Msasani anatuona sisi watoto??

Wakuu nimetoka pale sasa hivi mkono bado unatetemeka. Jamaa mnamjua nyote, yule anayeuza boti za faiba za mtumba, miwani juu ya kofia, sitaki kumtaja. Nimefika na salamu zangu nikamwambia kaka mimi ndo naanza, nataka boti ndogo ya tanga ya kuvuta na gari, asubuhi naishusha jioni narudi nayo home. Kaniangalia kuanzia kandambili mpaka nywele, akaingia stoo akatoka na laifu jaketi ya mtoto. YA MTOTO. Ina picha ya bata!! Akanishikisha mbele ya watu, "anza na hii kwanza."

Mimi nina kilo 94, ile jaketi haipiti hata pajani.

Na sikuuliza upuuzi. Niliuliza yenye ubao wa katikati, ule unaovutwa juu, maana bamvua (yale maji makubwa) likishakupwa pale maji yanahamia Zanzibar, ukiwa na mkuku wa kudumu, ule wa chini usiovutwa, boti inalala ubavu mchangani unasubiri maji kama unasubiri mshahara. Nikamtajia boti aina ya Wayfarer, mita 4.82, kilo kama 170 hivi, inakaa mimi na wa kunifundisha, gari dogo linaivuta. Yeye ananipeleka kwenye dude la futi 22, tani nzima, na trela lenyewe hana! Nakataa ndo ananipa jaketi ya bata. Mama wa samaki alicheka mpaka akatua ndoo. Ya bata wakuu, mbele ya watu!

Nahodha Mkavu: Swali moja tu mkuu, ulijaribu kuivaa? 😂😂

Bisho Kali: Wayfarer ikipinduka uko peke yako huiinui kirahisi. Chukua Laser, boti ya tanga ya mtu mmoja, kilo 59 tu, wawili mnaipandisha juu ya gari trela la nini. Ila kwa kilo 94 upepo ukiwa mdogo huendi popote, na inapinduka upesi, utainywa bahari.

Mrengu: Faiba faiba, kwani ngalawa zimeisha? Mirengu miwili (ile miti ya pembeni), haipinduki hovyo, unaivuta mchangani juu ya magogo basi.

Binti Pwani: We Mrengu, ngalawa yako ya mwembe ikioza unaanza upya. Mwenye kulia hapa ni mimi, yule fundi wa trela (mnamjua) kaniwekea beringi chakavu kapaka rangi juu, tairi likachomoka barabara ya Bagamoyo, boti yangu ikanipita mwenyewe niko kwenye gari!!!

Bisho Kali: Pole dada. Ukifika usizamishe trela beringi bado za moto, zikipoa ghafla zinanyonya maji ya chumvi. Ngoja zipoe, ukitoa osha na maji ya bomba, paka grisi.

Mleta uzi: Wakuu turudini kwenye jaketi. Mtu mzima unapewa bata mbele ya watu!

Binti Pwani: Jaketi gani? Bisho nikipaka grisi ya kawaida inafaa?

Bisho Kali: Hapana, ile ya majini. Ya kawaida maji yanaitoa.

Mrengu: Ndo maana nikasema magogo. Gogo halina beringi.

Binti Pwani: Haya hayo magogo yanauzwa wapi?

Mrengu: Pita Kunduchi asubuhi maji yakijaa, uliza.