Senene wamepungua Bukoba, au wamehamia kwenye taa za wafanyabiashara?

Mkazi wa Kashai:
Ndugu zangu, naomba maoni ya wenye uzoefu. Utotoni mwangu hapa Bukoba, mvua za Novemba zilipokolea, senene, hawa panzi wetu wa kuliwa, walitua wenyewe kwenye taa ya baraza, wa kijani na wa kahawia, na mara chache yule wa zambarau ambaye watoto tulimgombania. Siku hizi msimu unapita bila kupata hata wa kujaza bakuli, ilhali sokoni wamejaa na bei yao haishikiki. Je, wamepungua kweli?

Mtegaji mstaafu:
Ndugu, tazama kwanza mitego. Mtegaji wa leo husimamisha mabati mapya yanayong'aa juu ya mapipa, akawasha taa za wati 400 na kufukiza nyasi mbichi ili moshi uwalegeze. Senene akigonga bati huteleza moja kwa moja hadi ndani ya pipa. Taa ya baraza haiwezi kushindana na mwanga huo. Wenzetu wa Masaka, Uganda, wametutangulia mbali kwa biashara hii. Ongeza na mbalamwezi: mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti senene wengi, hata sisi tulilala mapema.

Mwalimu wa biolojia:
Hayo ni kweli, ila nisingependa lawama yote iishie kwenye mabati. Senene huishi kwa nyasi, hasa masuke yake, kwa hiyo mbuga zikilimwa na mabonde yakikaushwa, chakula chake hupungua kabla hajaiona taa yoyote. Na jike anayenaswa kabla ya kutaga huondoka na kizazi kizima. Vilevile, taa ya nyumbani ni kipimo kibovu. Taa ndefu za mirija zilitoa miali kiasi ya urujuanimno (UV), ambayo macho yetu hayaioni lakini wadudu wengi huifuata, wakati LED nyingi za majumbani karibu hazitoi kabisa.

Watafiti wa wadudu wa Krefeld, Ujerumani, walitumia mitego ya aina moja katika hifadhi 63 kati ya 1989 na 2016, wakapima uzito wa wadudu warukao, na ukaonekana kushuka kwa zaidi ya asilimia 75. Sisi tunahesabu magunia ya sokoni, nayo (hapa ndipo tunapojidanganya) yanaweza kuongezeka kila taa mpya inapowashwa, hata kama senene wenyewe wanapungua.

Mama wa Muleba:
Mwanangu wa Kashai, wasubirie alfajiri badala ya usiku. Bibi zetu waliwaokota kwenye majani wakiwa wamelowa umande, hawawezi kuruka vizuri. Nenda penye nyasi ndefu, mbali na mitego, kabla jua halijapanda. Ukiwapata, wanyonyoe mabawa na miguu, uwakaange kwa moto mdogo bila kuongeza mafuta, kwani yao yenyewe yanatosha.