Mashine ya soda inakata fyuzi ya kioo kila wiki, nipo Kirumba

MamaWaKirumba

Wakuu, mwangaluka, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina mashine ya kuuzia soda, ile unatumbukiza sarafu, unabonyeza, chupa inadondoka. Ni mtumba, ya volti 230 kama umeme wetu, ina tamostati ya kuzungusha kwa mkono. Nimeiweka kwenye korido ya hosteli hapa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni. Wanafunzi wananunua, na wachuuzi wa dagaa wakitoka sokoni asubuhi wanapitia. Ada ya mtoto inatoka humo, kwa hiyo ikizima silali.

Shida ni fyuzi. Siyo ya kwenye plagi, hiyo ya ampea 13 ni nzima tangu nianze. Inayokatika ni kile kifyuzi cha kioo kwenye boksi la chuma ndani, chini upande wa kulia, pameandikwa T3.15A. Nimebadilisha sita ndani ya wiki tano. Ikikatika, taa ya mlangoni inazima na sehemu ya sarafu inakufa: ukitumbukiza 500 inateremka na kurudi vilevile. Lakini kompresa inaendelea kunguruma na soda zinabaki baridi.

Fundi wa kwanza alisema kompresa imechoka, ninunue nyingine, na bei yake ni karibu nusu ya niliyonunulia mashine nzima. Wa pili akaweka fyuzi mpya, akachukua hela yake, ikadumu siku tatu. Naomba anayeijua kazi hii anisaidie kabla sijatoa hela ya kompresa.

kijana_wa_ziwa

Dada funga uzi wa shaba hapo au weka fyuzi ya 10, utaishi kwa amani. Mimi redio yangu nimefanya hivyo mwaka wa pili huu.

Sengerema Kwetu

Angalia wale wadudu wa ziwa. Wakija lile wingu lao kama moshi, usiku wanafuata taa, na mashine yako ina taa usiku kucha. Friji ya dukani kwangu niliifungua nyuma nikakuta kandensa, zile bomba za kutolea joto, imejaa wadudu wakavu, wamegandana na vumbi kama blanketi. Hewa haipiti kabisa. Nilitoa nusu ndoo.

Fundi Baridi Igoma

Marahaba, binti yangu. Shauri la kufunga uzi wa shaba usilifuate hata kidogo. Fyuzi inakatika ili waya usiungue. Ukiizuia, kitakachoungua ni waya wenyewe au transfoma, na hapo hosteli kuna watoto wa watu wamelala.

Kompresa yako haina kosa, na maelezo yako yenyewe yanaonyesha. Fyuzi ikikatika kompresa inanguruma, maana yake umeme wake haupiti kwenye fyuzi hiyo. Ingekuwa yenyewe imepiga shoti, ingekata ya plagi au ingeangusha saketi breka ya nyumba. Wadudu wa Sengerema nao wasafishe, kandensa ikiziba kompresa inafanya kazi kwa taabu na umri wake unapungua, lakini siyo wanaokata fyuzi hii. Hii inalisha mlango: choki ya taa, ile inayotawala umeme wa tyubu, na transfoma ndogo ya sehemu ya sarafu.

Zile zilizokatika unazo bado? Zitazame kwenye mwanga. Uzi ukiwa umeyeyuka katikati na kioo ni safi, mzigo ulizidi kidogo kwa muda. Kioo kikiwa cheusi, au kimepakwa rangi ya fedha kwa ndani, hiyo ni shoti ya ghafla. Soma na herufi kwenye kofia ya chuma. T inavumilia ule mshtuko wa kuwasha, F inakatika haraka, na madukani wanakupa F wakiona namba zinakaribiana.

Halafu niambie, inakatika siku gani, na kabla ya hapo unakuwa umefanya nini?

MamaWaKirumba

Mzee wangu, asante sana. Nne nilizitunza kwenye kopo la kahawa. Zote ni T. Nimemulika kwa tochi ya simu, zote nyeusi, na moja ina unga wa fedha ndani kama kioo cha kujitazamia.

Swali la siku limenifanya nifungue daftari la mauzo, maana fyuzi ninaandika kama matumizi. Tarehe zote sita ni Jumatatu au Alhamisi. Siku hizo ndizo ninazofungua mlango na kujaza soda!

Fundi Baridi Igoma

Basi ni bawaba. Nyaya zinazotoka kwenye mwili wa mashine kwenda mlangoni zinapita pale, na kila ukifungua zinajikunja. Miaka inavyokwenda ganda linakwanguka mpaka shaba inagusa chuma.

Tafuta fundi umeme mwenye subira, kazi hii usiifanye mwenyewe. Achomoe plagi, atoe fyuzi na ile tyubu ya taa, kisha mahali pa fyuzi aunge balbu ya wati 100 ya zamani, ile yenye uzi ndani. Ya LED haifai. Balbu hiyo haipitishi hata nusu ampea, kwa hiyo hata shoti ikitokea hakuna kinachoungua. Achomeke plagi, asiguse nyaya, ausogeze mlango polepole. Pakiwa pazima balbu inafifia au haiwaki kabisa. Ikiwaka kwa mwanga wote, mlango usimame hapohapo, achomoe plagi kwanza ndipo atazame.

MamaWaKirumba

Wakuu, narudisha majibu. Kijana mmoja wa hapa mtaani alikuja Jumatano na balbu yake. Mlango ukiwa umefungwa, balbu ilikuwa na wekundu kidogo tu. Tukaanza kuufungua. Ulipofika kama nusu, ikawaka korido nzima. Nilishtuka, lakini fyuzi hakuna iliyoungua.

Alipochomoa plagi na kufungua kifuniko cha bawaba ya chini, waya wa kahawia ulikuwa umelala juu ya ukingo wa tundu la bati. Ganda limekatika urefu wa punje ya mchele, shaba inang'aa, na kwenye bati kuna alama nyeusi ndogondogo. Nilizihesabu, mzee wangu. Sita.

Amebadilisha kipande chote kwa waya laini wa nyuzi nyingi, akaacha mkunjo ili usivutike mlango ukifunguliwa. Jana Alhamisi nimejaza katoni nne, nimefungua na kufunga mara ishirini, fyuzi ni ileile. Kandensa nayo tumeipiga brashi, wadudu walikuwepo kweli, Sengerema ubarikiwe.

Fundi Baridi Igoma

Vizuri sana, binti yangu. Ukingo wa lile tundu mmeupiga tupa?

MamaWaKirumba

Tumeupiga tupa na kuuvisha mpira. Nimepitisha kidole, haukwaruzi.